TOCHI, KAMERA NA IMANI YA WATU
Fizikia ya kupima mwendo katika barabara ya Bagamoyo

Abiria anayetoka Bagamoyo asubuhi kwenda Dar es Salaam hupita Kiromo, Zinga, Kerege na Mapinga kabla ya kuvuka Mto Mpiji na kuingia Bunju. Katika safari hiyo huweza kuona jambo ambalo halikuandikwa katika kitabu chochote cha sheria. Gari litokalo upande wa pili huwasha na kuzima taa zake kubwa mara mbili au tatu, mchana kweupe. Dereva wa basi huondoa mguu kwenye mafuta, na basi hupunguza mwendo hadi kilometa 50 kwa saa. Baada ya mita mia kadhaa askari wa usalama barabarani huonekana chini ya mwembe, ameshika chombo kinachofanana na kamera ya video. Basi likishampita, dereva hukanyaga mafuta tena, naye huwapepesea taa wale wanaokuja.

Chombo kile wananchi wamekibatiza jina la tochi, kwa kuwa askari hukielekeza kwenye gari kama mtu anavyomulika tochi gizani. Mwali wake lakini hauonekani. Kupepesa taa ni aina ya upinzani: upinzani wa kimya, usio na kiongozi wala hotuba, ambao kila dereva anauelewa. Katika nchi nyingine upinzani wa jinsi hiyo umefika hadi kuchoma kamera za barabarani, kukata nguzo zake na kuchomoa vipande vilivyomo ndani.

Makala haya yanaeleza mambo matatu. Kwanza, chombo kile hupimaje mwendo wa gari? Pili, kwa nini watu hukikataa, hata pale ambapo kipimo chake ni sahihi? Tatu, vipande vya vyombo vya barabarani huishia wapi, na vina manufaa na hatari gani? Mwalimu wa fizikia ataona kwamba sehemu kubwa ya somo la mwendo, nuru na mawimbi imo katika barabara inayopita mbele ya shule yake.

1. Kwa nini mwendo upimwe

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Nje ya maeneo hayo, magari ya abiria na magari mazito yenye uzito unaozidi kilo 3,500 hayaruhusiwi kuzidi kilometa 80 kwa saa. Madereva wengi huona tofauti baina ya 50 na 80 kuwa ndogo. Hesabu fupi inaonyesha kwamba si ndogo hata kidogo.

Gari halisimami mara dereva anapoona hatari. Kwanza unapita muda wa kuitikia: jicho linaona, ubongo unaamua, mguu unahama kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki. Tuchukue muda huo kuwa sekunde 1. Katika sekunde hiyo gari linaendelea kwa mwendo uleule. Baada ya hapo breki zinashika, na msuguano wa matairi na lami hupunguza mwendo. Katika lami kavu tunaweza kuchukua kwamba mwendo hupungua kwa mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde. Umbali wa breki hupatikana kwa kuzidisha mwendo kwa mwendo, kisha kugawa kwa mara mbili ya kiasi hicho, yaani kwa 14.

Gari lililo katika mwendo wa kilometa 50 kwa saa huenda mita 13.9 kwa sekunde. Umbali wa kuitikia ni mita 13.9, na umbali wa breki ni mita 13.8. Jumla ni kama mita 28.

Gari lililo katika mwendo wa kilometa 80 kwa saa huenda mita 22.2 kwa sekunde. Umbali wa kuitikia ni mita 22.2, na umbali wa breki ni mita 35.3. Jumla ni zaidi ya mita 57, yaani mara mbili ya ile ya kwanza.

Sasa mwanafunzi afikiri mtoto wa shule ya msingi anayevuka barabara pale Mapinga, mita 28 mbele ya gari. Dereva wa kilometa 50 atasimama mbele ya mtoto huyo akiwa ametetemeka, lakini hatakuwa amemgusa. Dereva wa kilometa 80 atakuwa ametumia mita 22.2 kabla mguu wake haujagusa breki. Zinabaki mita 5.8 tu za kupunguza mwendo. Ukikokotoa, utaona kwamba gari lake linafika mahali alipo mtoto likiwa bado na mwendo wa kilometa 73 kwa saa. Kwa maneno mengine, breki hazijafanya kazi yoyote ya maana.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wastani wa mwendo katika barabara ukiongezeka kwa asilimia 1, uwezekano wa ajali zenye vifo huongezeka kwa asilimia 4 hivi. Shirika hilo lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani katika mwaka 2021. Basi kupima mwendo si jambo la kumsumbua dereva. Ni jambo la uhai wa anayetembea kwa miguu.

2. Jinsi tochi inavyopima

Vyombo vya kupimia mwendo ni vya namna mbili kubwa. Namna ya kwanza hutumia mawimbi ya redio, na huitwa rada. Namna ya pili hutumia nuru ya leza.

Rada hutegemea kanuni iliyoelezwa na mwanasayansi wa Austria, Christian Doppler, mwaka 1842. Mwanafunzi anaifahamu kanuni hii kwa sikio hata kama hajui jina lake. Basi linalopiga honi likikaribia kituo, sauti yake huwa nyembamba. Likishapita, sauti hushuka na kuwa nzito. Honi haikubadilika. Kilichobadilika ni idadi ya mawimbi yanayolifikia sikio katika kila sekunde, idadi ambayo huitwa marudio. Vivyo hivyo, mawimbi ya redio yakigonga gari linalokuja hurudi yakiwa na marudio makubwa kidogo kuliko yalivyokwenda. Rada inayotuma mawimbi bilioni 24 kwa sekunde ikielekezwa kwa gari liendalo mita 20 kwa sekunde, tofauti ya marudio huwa 3,200 kwa sekunde. Tofauti hiyo ni ndogo mno ukiilinganisha na bilioni 24, lakini chombo cha elektroniki huihesabu bila shida.

Leza hufanya kazi kwa njia iliyo rahisi zaidi kueleza darasani. Chombo hutoa vipigo vifupi vya nuru ya infraredi, nuru ambayo jicho la binadamu haliwezi kuiona. Kila kipigo hugonga gari na kurudi. Nuru huenda kilometa 300,000 kwa sekunde. Ikiwa gari liko umbali wa mita 150, nuru husafiri mita 300 kwenda na kurudi, na hutumia sehemu moja ya milioni ya sekunde. Chombo hupima muda huo, hupata umbali, kisha hurudia kipimo hicho mara nyingi. Kama gari linakuja kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde, yaani kilometa 72 kwa saa, basi katika sehemu tatu za kumi za sekunde litakuwa limesogea mita 6. Nuru sasa ina mita 12 pungufu za kusafiri. Muda wake umepungua kwa sehemu 40 za bilioni ya sekunde. Kutokana na upungufu huo mdogo chombo huandika namba 72.

Kwa kuwa mwali wa leza ni mwembamba kuliko ule wa rada, askari anaweza kulichagua gari moja katikati ya mengi. Picha ya gari, mwendo wake, saa na tarehe huhifadhiwa pamoja. Ndiyo maana dereva anaweza kusimamishwa kilometa kadhaa mbele na askari mwingine, aliyekwisha kupokea picha ile kwa simu.

3. Je, tochi inaweza kumdhulumu dereva kwa sababu ya pembe?

Madereva husikika wakisema kwamba askari akikaa kando ya barabara, tochi yake hupima kwa mshazari na kutoa namba kubwa kuliko mwendo wa kweli. Dai hili linafaa kupimwa kwa hesabu.

Chombo hupima jinsi gari linavyolikaribia lile jicho lake. Kikiwa kwenye mstari uleule wa gari, hupima mwendo wote. Kikiwa kando, hupima sehemu tu ya mwendo, na sehemu hiyo ni kosini ya pembe iliyopo baina ya mwali na njia ya gari. Kosini ya nyuzi 20 ni 0.94. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa litasomeka kama 75. Kwa hiyo tochi iliyosimama kando ya barabara humpunguzia dereva kilometa, haimwongezei.

Si kweli, hata hivyo, kwamba chombo hakiwezi kukosea. Mkono ukitikisika, mwali unaweza kuteleza kutoka sehemu moja ya gari hadi nyingine, na umbali huo wa bandia ukahesabiwa kuwa mwendo. Vyombo vilivyotengenezwa vizuri hulinganisha vipimo vingi na kukataa visivyopatana. Zaidi ya hayo, kila chombo cha kupimia huchakaa na huhitaji kuhakikiwa. Mnunuzi wa sukari hutazama kama mizani ya muuzaji imepigwa alama na Wakala wa Vipimo. Hakuna mtu mwenye akili anayesema kwamba kutazama alama ile ni kumtukana mwenye duka. Haki hiyohiyo ya kujua kwamba kipimo kimehakikiwa ni ya dereva pia.

4. Kwa nini watu hukataa

Ikiwa hesabu iko upande wa tochi, kwa nini basi madereva wapepeseane taa? Jibu moja ni kwamba wapo wanaotaka kukimbia tu. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi.

Malalamiko ya madereva hayahusu fizikia. Yanahusu askari kujificha vichakani, vibao vya 50 visivyoonekana, mahali ambapo kijiji kinaisha bila kibao cha kuonyesha kwamba kimeisha, na faini ya papo kwa papo, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 30,000 kwa kosa moja. Dereva anayeona kwamba lengo ni kumtega haamini tena kwamba lengo ni kumlinda mtoto wa Mapinga. Hapo ndipo huona kuwa ni uungwana kumwonya mwenzake, hata kama mwenzake huyo anakimbia kupita kiasi.

Katika mabasi ya masafa marefu upinzani umechukua sura nyingine. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, husimamia mfumo wa kufuatilia mabasi kwa vifaa vinavyofungwa ndani ya basi. Kifaa hupokea mawimbi ya setilaiti, hujua basi lilipo na mwendo wake, na hutuma habari hizo kwa mtandao wa simu. Mamlaka imelazimika mara kwa mara kuwaonya na kuwachukulia hatua wale wanaovichezea vifaa hivyo ili visitoe habari. Hapa hakuna askari kichakani wala taa za kupepesa. Kifaa kimo ndani ya gari, nao upinzani umeingia ndani ya gari.

Nchi jirani ya Uganda ilipata somo la namna yake mwezi wa Juni mwaka 2025. Serikali ilianza kutumia mfumo wa kamera zinazosoma namba za magari na kumtoza faini mwenye gari bila kumsimamisha. Aliyezidisha mwendo kwa kilometa zisizozidi 30 alitozwa shilingi 200,000 za Uganda, na aliyezidisha zaidi ya hapo alitozwa 600,000. Wananchi walilalamikia ukubwa wa faini, na pia ukomo wa kilometa 30 kwa saa katika sehemu ambazo hawakuona vibao vya kuwajulisha. Kelele zilikuwa kubwa hata mfumo ukasimamishwa mwezi uleule. Kamera zilikuwa zinapima. Kilichokosekana ni maelewano kabla ya kupima.

Katika Ufaransa mambo yalikwenda mbali zaidi. Mwezi wa Julai 2018 serikali ilishusha ukomo wa mwendo katika barabara nyingi za vijijini kutoka kilometa 90 hadi 80 kwa saa. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo yalianza maandamano ya wale walioitwa vizibao vya njano, yaliyochochewa na bei ya mafuta na ugumu wa maisha. Kamera za barabarani zilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kushambuliwa. Zilipakwa rangi, zikafunikwa, nyingine zikachomwa. Januari 2019 waziri wa mambo ya ndani, Christophe Castaner, alitangaza kwamba karibu asilimia 60 ya kamera zote zilikuwa zimeharibiwa. Watu wa vijijini, wasio na treni wala basi la karibu, waliona kamera kama mkono wa serikali ya mbali uliomo mfukoni mwao.

Mtazamo huu si mgeni katika Afrika Mashariki. Reli ya Uganda ilipojengwa kutoka Mombasa hadi kufika ziwani mwaka 1901, ilipita kando ya nchi ya Wanandi, ambao hawakuulizwa. Wanandi walichukua nyaya za telegrafu wakazifanya mapambo, na misumari mikubwa ya reli wakaifua kuwa silaha. Wenye reli waliita jambo hilo wizi. Kwa Wanandi lilikuwa sehemu ya vita vya kulinda nchi yao, vita vilivyodumu hadi kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa Oktoba 1905. Mfano huu haumaanishi kwamba anayevunja kamera leo ni shujaa. Unaonyesha tu kwamba chombo kinachowekwa bila ridhaa ya wenye mahali hugeuka haraka kuwa shaba na chuma machoni mwao.

5. Vipande vyaenda wapi

Kamera ya kudumu ya barabarani ni mkusanyiko wa vitu vyenye thamani. Nje kuna nguzo ya chuma na nyaya za shaba. Ndani kuna lenzi, kipande cha silikoni kinachogeuza nuru kuwa umeme, taa za infraredi za kuonea usiku, kompyuta ndogo, na modemu yenye kadi ya simu. Zile zilizo mbali na umeme wa gridi huwa na paneli ya jua na betri.

Mara nyingi anayevunja chombo cha barabarani hana ugomvi wowote na serikali. Anatafuta kitu cha kuuza. Mwanzoni mwa mwaka 2011, jijini Johannesburg, taa za kuongozea magari mamia kadhaa ziliharibiwa na wezi waliokuwa wakitafuta kitu kimoja tu: kadi ya simu iliyokuwa ndani, ambayo taa ile iliitumia kutoa habari inapoharibika. Kadi zile zilitumiwa kupiga simu kwa gharama ya wakala wa barabara. Kadi ni kipande kisichozidi ukucha. Kwa ajili yake njia panda nzima ilibaki bila taa.

Katika Tanzania, vibao na alama za barabarani zimekuwa zikiibwa na kuuzwa kama chuma chakavu, na wakala wa barabara, TANROADS, amelalamikia jambo hilo kwa miaka mingi. Hapa mwanafunzi aone jinsi mambo yanavyofungamana. Kibao cha 50 kikiibwa pale kijiji kinapoanza, dereva mgeni hana njia ya kujua ukomo. Tochi itamkamata. Atalipa akiwa na uchungu, na kesho atawapepesea taa wote anaokutana nao. Miongoni mwa atakaowaonya atakuwamo yule wa kilometa 100. Kilo chache za chuma zilizouzwa kwa bei ya chakula cha siku moja zimevunja kipimo, zimevunja haki, na mwishowe zimemweka hatarini mtoto yuleyule anayevuka barabara, ambaye huenda ni mtoto wa jirani ya aliyeng'oa kibao.

Kuokoa vipande kutoka katika vyombo vilivyokufa kwa njia ya halali ni jambo jingine, tena ni jambo jema. Fundi wa redio huokoa spika, transfoma na nyaya kila siku. Shule inaweza kupata lenzi kutoka katika kamera mbovu, paneli ndogo ya jua kutoka katika taa iliyoharibika, na taa za infraredi kutoka katika rimoti ya televisheni. Mwanafunzi akielekeza rimoti kwenye kamera ya simu na kubonyeza kitufe, mara nyingi ataona kwenye kioo nukta ya nuru ambayo jicho lake halioni. Ndiyo aina ya nuru inayotoka kwenye tochi ya askari.

Lakini kuna hatari tatu ambazo mwalimu hana budi kuzieleza kabla ya bisibisi kushikwa.

Ya kwanza ni kapasita. Kipande hiki huhifadhi chaji hata baada ya umeme kukatwa, na kikubwa kinaweza kumpiga mtu kwa nguvu.

Ya pili ni leza. Kwa kuwa nuru ya infraredi haionekani, jicho halifumbi kujikinga nayo. Leza iliyotolewa katika kasha lake isichezewe kabisa.

Ya tatu, ambayo imekwisha kuua watu, ni betri. Betri ya asidi ina risasi inayozidi nusu ya uzito wake, pamoja na asidi ya salfuriki. Kuiyeyusha risasi uani ni kuisambaza sumu hewani, katika udongo na katika damu ya watoto, ambao ubongo wao hudhurika zaidi. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi katikati ya makazi ya watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Wakazi walipatwa na sumu ya risasi. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliithibitisha hukumu hiyo Desemba 2024. Fedha hizo hazimrudishii mtoto akili iliyopotea. Betri za lithiamu hazina risasi, lakini zikitobolewa huweza kulipuka moto.

Kwa sababu hizo Tanzania ilitunga kanuni za taka za umeme na elektroniki mwaka 2021, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Anayekusanya au kuchambua taka hizo kibiashara hutakiwa kuwa na kibali. Shule isinunue kipande ambacho muuzaji hawezi kueleza kimetoka wapi.

6. Kipimo kinachoaminika

Kuna njia ya kupima mwendo ambayo kupepesa taa hakuiathiri. Kamera mbili huwekwa mbali mbali, kila moja husoma namba ya gari na saa. Umbali ukigawanywa kwa muda hupatikana wastani wa mwendo. Kwa mfano, kati ya sehemu mbili zilizo kilometa 6 mbali, dereva wa kilometa 80 kwa saa hutumia dakika 4 na nusu. Akitumia dakika 3 na sekunde 36, wastani wake ni kilometa 100 kwa saa, hata kama alipunguza mwendo mbele ya kila kamera.

Ni njia nzuri, lakini inahitaji kuandika kila gari lililopita, la mkosaji na la asiye na kosa. Hapo linazuka swali jipya: nani anazitunza habari hizo, kwa muda gani, na nani anaruhusiwa kuzitazama? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa maswali ya aina hiyo. Mwananchi anayeyauliza hatetei wakimbiaji. Anauliza kuhusu chombo kile maswali ambayo mwanasayansi mzuri angeyauliza kuhusu chombo chochote.

Kutokana na mifano yote iliyotolewa, jambo moja linajitokeza. Usahihi wa chombo ni sharti la lazima, lakini pekee hautoshi. Kipimo hukubaliwa pale ambapo anayepimwa anaweza kujua sheria kabla ya kupimwa, anaweza kuona kwamba chombo kimehakikiwa, anaweza kukata rufaa, na anaona matokeo ya kipimo katika usalama wa kijiji chake. Kibao kinachoonekana vizuri ni sehemu ya chombo sawasawa na leza. Tuta na alama ya kivuko mbele ya shule havimtozi mtu faini, lakini hupunguza mwendo usiku na mchana.

JARIBIO: Kupima mwendo kwa saa ya kusimamisha

Vifaa: utepe wa kupimia, saa ya kusimamisha (ya simu yafaa), daftari.

Utaratibu: Mwalimu achague mahali salama, mbali na ukingo wa barabara, penye miti au nguzo mbili zinazoonekana vizuri. Umbali baina yake upimwe kando ya barabara. Tuchukue ni mita 50. Mwanafunzi mmoja aanzishe saa gari linapofika alama ya kwanza, na kuisimamisha linapofika ya pili. Kilometa kwa saa hupatikana kwa kugawa 180 kwa idadi ya sekunde. Sekunde 3.6 ni kilometa 50 kwa saa, sekunde 2.25 ni kilometa 80.

Kosa la kipimo: Kidole cha binadamu huweza kukosea kwa sehemu mbili za kumi za sekunde. Kwa hiyo sekunde 3.6 huweza kumaanisha mwendo wowote baina ya kilometa 47 na 53. Sekunde 2.25 huweza kumaanisha baina ya 73 na 88. Wanafunzi waeleze kwa nini kosa hukua mwendo unapokuwa mkubwa, na kwa nini kutumia mita 100 hulipunguza. Namba za magari zisiandikwe, kwa kuwa darasa linachunguza mwendo wala halimchunguzi mtu.

MASWALI

1. Kipigo cha leza hugonga gari lililo umbali wa mita 240. Kitatumia muda gani kwenda na kurudi?

2. Mvua ikinyesha, mwendo hupungua kwa mita 3.5 tu kwa sekunde katika kila sekunde ya breki. Kokotoa umbali wa kusimama kwa kilometa 50 na kwa kilometa 80 kwa saa.

3. Tochi imeelekezwa kwa pembe ya nyuzi 30. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa litasomeka kuwa na mwendo gani?

4. Mjadala: Dereva ajuaye kwamba kuna tochi mbele akimwonya mwenzake, naye akapunguza mwendo, je, kijiji kimepata faida au hasara? Jibu kwa kutenganisha mwendo wa gari kabla ya askari, mbele ya askari, na baada ya askari.

Majibu: (1) Sehemu 1.6 za milioni ya sekunde. (2) Kama mita 41 na nusu, na kama mita 93. (3) Kama kilometa 69 kwa saa. (4) Jibu litafutwe barabarani, kwa saa ya kusimamisha.